Lori Katika Kitabu cha Mikate

Mambo haya ni kweli tupu, kuanzia ncha ya sindano mpaka fundo la uzi. Anayetaka kubisha abishe sasa hivi, tungali mlangoni, maana tukishaingia ndani kuna mashine zinanguruma na hakuna atakayemsikia.

Ndani ni chumba kirefu cha ushonaji. Meza ya kukatia imekaa katikati, cherehani zimepangwa upande wa madirisha, na kwenye kona yenye joto kuliko zote anasimama Mpiga Pasi, mwanamume mwembamba mwenye ulimi unaokata kuliko mkasi. Mwenye chumba ni Dada Mkubwa. Hata wenye umri wa kumzaa wanamwita hivyo, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Ukimwona anavyoshika chaki unajua.

Zamani walishona huku redio ikiimba. Tatizo ni kwamba wimbo ukienda mbio, miguu inakanyaga cherehani mbio, na mshono nao unafuata. Mwaka mmoja walipata kazi ya sare za shule nzima, na wiki hiyo redio haikupiga kitu ila muziki wa kuchangamka. Sare zilipovaliwa, watoto hawakuweza kusimama mstarini. Mapindo ya sketi na kaptura yalikuwa yakicheza yenyewe, na mwalimu mkuu alipoishika moja ili aikague, naye akaanza kutikisa bega. Dada Mkubwa akaifungia redio kabatini. Badala yake akamleta Mjomba.

Mjomba alikuwa mjomba wake wa damu, kaka wa marehemu mama yake, dereva wa lori aliyestaafu. Kusoma alijifundisha mwenyewe barabarani, kwa maandishi ya nyuma ya magari ya wenzake, ndiyo sababu mpaka leo akifika kwenye nukta anapunguza mwendo, na akifika mwisho wa aya anatazama kushoto na kulia kabla ya kuvuka. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti kirefu kando ya meza ya kukatia na kuwasomea mafundi wakishona. Alisoma vizuri. Alisoma kwa sauti zote: ya mwanamke, ya mtoto, ya hakimu, hata ya mlango unaolia bawaba.

Msimu huo walikuwa kwenye riwaya moja nene, kuukuu, isiyo na jalada, ya dada wawili wenye duka la mikate. Mdogo anaacha tanuri wazi na kwenda kumwona mchumba wake. Duka linateketea pamoja na nyumba ya jirani, mkubwa anashtakiwa kwamba amelichoma mwenyewe, na mdogo, kwa woga, ananyamaza. Mkubwa anafungwa. Miaka inapita, usingizi unamkataa mdogo, mwisho anakwenda kwa miguu yake mbele ya hakimu na kusema ukweli. Basi mkubwa anatoka, mdogo anaingia. Kuanzia hapo kila ukurasa unauliza jambo moja tu: siku mdogo atakapotoka gerezani, dada yake atamfungulia mlango?

Mafundi waliwajua watu wa kitabu kile kuliko majirani zao.

"Mimi ninayemchukia ni yule mlinzi," alisema Mama Pacha, fundi wa ovaloki, ile cherehani ya kuziba nyuzi za pembeni. "Aliona moto ulivyoanza, akanyamaza! Ningekuwa mimi ningesema!"

"Wewe ungesema kabla moto haujawaka," alijibu Mpiga Pasi.

"Na yule mchumba aliyekimbia? Mwanamume mzima!"

"Mwacheni kijana wa watu," alisema Fundi Suruali bila kuinua kichwa. "Huenda alipata dharura."

Chumba kizima kikacheka, kwa sababu Fundi Suruali alishawahi kupata dharura siku ya harusi yake mwenyewe.

Ndivyo walivyokuwa. Kila mmoja alikuwa mkali kwa dhambi asizoziweza, mpole kwa zile alizozizoea, na wote pamoja walikuwa tayari kumsamehe mtu yeyote aliyekosea mbali na kwao.

Dada Mkubwa peke yake hakuingia kwenye mabishano. Alikata vitambaa vyake, akasikiliza, na kila mara dada wa kitabuni alipokataa kwenda kumwona mdogo wake gerezani, alisema taratibu, "Ndivyo inavyotakiwa."

Neno hilo lilimchoma Mjomba kama pini iliyosahaulika kwenye kola. Dada Mkubwa naye alikuwa na mdogo wake, aliyeitwa Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa. Mama yao alipofariki aliacha karatasi za kukatia, zile za kulaza juu ya kitambaa ili gauni litoke na umbo lake. Alizichora mwenyewe maisha yake yote, na hapakuwa na nyingine mfano wake. Asubuhi moja karatasi hazikuwepo, na Kitinda hakuwepo. Akaonekana ng'ambo ya barabara, anatundika gauni kwenye duka lake jipya. Tangu hapo dada hawa walitazamana kupitia vioo viwili na magari yanayopita katikati, na mmoja akitoka kufagia mlangoni, mwingine alingoja ndani mpaka vumbi litulie.

Sasa Kitinda alikuwa anahama. Mjomba alimkuta anafunga cherehani yake kwa kamba.

"Nakwenda kwa wakwe, Mjomba. Mwisho wa wiki gari linakuja."

"Mbali kote huko! Na utarudi lini?"

"Nirudi kwa nani?"

"Vuka barabara, mwanangu. Hata jasho hutatoka."

"Nivuke anifukuze mbele ya mafundi? Akinifukuza pale, Mjomba, sitarudi hata kwa msiba." Akakaza fundo. "Nitakuachia karatasi za mama, umpelekee wewe."

"Sipeleki. Mimi nilibeba saruji na mabati. Vitu vya ndugu hubebwa na ndugu wenyewe."

Alitoka pale akiwa na tumaini moja, kwamba kitabu kitamlainisha Dada Mkubwa. Akaenda nyumbani, akakaa kibarazani, akakisoma peke yake mpaka mwisho, kabla ya mafundi kufika huko. Mwisho ulikuwa mbaya. Mdogo anatoka gerezani, anabisha hodi, dada yake anausogelea mlango, anasikiliza pumzi ya mdogo wake upande wa pili, halafu anageuza ufunguo. Mlango umefungwa. Kitabu kimekwisha. Mjomba alirudia ukurasa ule, labda ameupita kwa kasi. Akaugeuza kutafuta mbele. Palikuwa peupe tu.

"Huyu mwandishi hana ndugu?" alimuuliza kuku wa jirani.

Aliwaza itakuwaje. Siku ile ufunguo ukigeuka, Dada Mkubwa atasema ndivyo inavyotakiwa, na gari la Kitinda litaondoka. Lakini Mjomba hakuwa mtu wa kushindwa na mtu wa kalamu. Alishawahi kuvusha lori lililojaa mayai kwenye daraja lililovunjika, kwa kulirudisha nyuma likajisahau, na yai halikupasuka hata moja. Kesho yake, alipofika mahali mwandishi anapoanza kuuelekea ule mlango, Mjomba alishika kitabu vilevile, macho yaleyale kwenye mistari, akakata kona.

Dada wa kitabuni akaanza kulainika. Alinusa unga akalia. Alimwota mdogo wake akiwa mtoto, amelala ndani ya gunia la unga, mweupe mpaka kope. Mambo yalikwenda vizuri mpaka Mjomba alipoishiwa, kwa kuwa kuhusu mikate alijua kuila tu. Alilojua ni magari. Basi dada wa kitabuni akanunua lori la kusambazia mikate. Lori likakataa kupanda mlima. Dada akashuka, akafungua boneti, na pale, akiitazama rejeta inavyotoa moshi, akamkumbuka mdogo wake.

"Huyu mwandishi vipi?" aliuliza Mpiga Pasi. "Alianza na hamira, sasa yuko kwenye giaboksi."

"Mwandishi mkubwa anajua mengi," ilitoka sauti nyuma ya kitabu.

"Na hakimu si alikuwa na ndevu? Leo unasema machozi yalitiririka kwenye mashavu yake laini."

"Amenyoa."

"Na ule mguu mbovu wa dada mkubwa wa kitabuni je? Amepandaje kwenye lori?"

"Ametibiwa. Kitabu kinene hiki, watu wana muda wa kupona."

"Hebu mwache asome!" alifoka Mama Pacha, akipenga kamasi kwenye kipande cha bitana. "Wewe huna moyo, una mvuke tu."

Kwa kweli walilia siku hizo. Fundi Suruali alishona mifuko ya nyuma ikaja mbele. Mashati ya hoteli yalitoka na mikono inayoelekea mgongoni, kama watu wanaojikuna. Dada Mkubwa, ambaye kwa kawaida angeona uzi uliolegea kutoka chumba cha pili, hakuona. Na lile neno lake, ndivyo inavyotakiwa, alikuwa hajalisema tena.

Ndipo Mama Pacha alipopata wazo ambalo lisingemjia mtu mwingine yeyote duniani ila fundi wa chumba kile.

"Siku akitoka gerezani atavaa nini?"

"Nani?" aliuliza Mpiga Pasi.

"Mdogo! Atakwenda kubisha hodi na nguo za gereza?"

"Mama Pacha, yule ni mtu wa kitabuni. Ana mabega ya karatasi."

"Kwani jana ulikuwa unamlilia nani?"

"Nilikuwa nimeungua."

"Mimi namshonea," alisema Mama Pacha. "Anayetaka anisaidie."

Wote walitaka. Wakaanza kubishana kuhusu rangi, kuhusu kola, kuhusu kama mwanamke aliyetoka gerezani avae marinda au asivae. Fundi Suruali akachukua mkasi, akakisogelea kitambaa.

"Weka chini mkasi wangu," alisema Dada Mkubwa. "Mkitaka kupoteza kitambaa, angalau kikatwe na anayejua."

Akakitandaza. Hakuomba kipimo kwa mtu. Hakugusa futi ya kupimia iliyokuwa ikining'inia shingoni mwake. Alichora kwa chaki moja kwa moja, kiuno, nyonga, kwapa, kama mtu anayeandika jina lake. Alipofika mabegani, bega la kulia alilichora sawa. La kushoto akalishusha kwa upana wa kidole.

Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine. Kila fundi wa humo alilijua bega lile. Kitinda alizaliwa nalo, na kila gauni lake lilibidi lishushwe upande huo, la sivyo kola inamkaba.

"Mbona mmeacha kazi?" aliuliza Dada Mkubwa, bila kuinua macho.

Zikanguruma zote kwa pamoja.

Jioni ile Mjomba alivuka barabara akitembea kama kijana. "Kesho asubuhi uje," alimwambia Kitinda.

"Amesema nije?"

"Mkono wake umesema. Amekukatia gauni, na bega lako ndani."

"Mjomba, wewe ni mwongo tangu nikiwa mchanga. Uliniambia mwezi ni taa ya mbele ya lori lako."

"Mimi mwongo, sawa. Mkasi je?"

Kitinda alikaa juu ya mzigo wake akilishika bega lake la kushoto.

Asubuhi Mjomba alipanda kiti chake na kuanza sura ya kutoka gerezani. Kutoka pale juu aliliona duka la ng'ambo vizuri. Alisoma geti linafunguka, mdogo anatoka, amevaa gauni jipya, mafundi wakapiga vigelegele. Kitinda akatokea mlangoni kwake, bunda la karatasi kwapani. Mjomba akaongeza kasi. Dada wa kitabuni akawasha lori kwenda kumpokea. Kitinda akafika ukingoni mwa barabara, akasimama, akageuka, akarudi ndani.

Lori likapata pancha.

"Ah!" walilalamika mafundi.

"Ndivyo ilivyoandikwa," alisema Mjomba, jicho dirishani. Akateremsha tairi la akiba. Kitinda akatoka tena, akasimama. Tairi la akiba nalo likawa na pancha. Kitinda akarudi. Jeki ikazama kwenye matope. Spana ikapotea, ikatafutwa, ikapatikana, ikawa siyo saizi yake.

"Jamani, mtu anangoja getini!" alilia Mama Pacha.

"Mimi nashuka hapa," alisema Mpiga Pasi. "Nitakwenda kwa miguu."

Mjomba alikuwa amebakiwa na kuchoma injini tu, na jasho linamtoka, mlango ulipofunguliwa. Kitinda alisimama kizingitini, bunda la karatasi limemkaa kifuani kama mtoto. Dada Mkubwa alikuwa ameinama mezani. Alimwona miguu kwanza.

"Vua viatu," alisema. "Hapana, vaa. Kuna pini chini."

"Dada, nimezileta za mama."

"Naziona. Umezikunja vibaya."

"Nilikosa, Dada. Nilijua nakosa hata siku nilipozibeba."

"Ulishindwa kuniomba?"

"Nilikuomba. Nilikuomba mpaka nikachoka. Miaka yote niliyofanya kazi hapa ulinipa kushona matundu ya vifungo tu. Hata pindo hukuniachia."

Dada Mkubwa aliiweka chaki mezani.

"Sijasema nimekusamehe," alisema. "Leta hizo karatasi huku. Ukizibana hivyo utazichana." Akazipokea, na alipozipokea hakuurudisha mkono wake, ukabaki umeshika zile karatasi na vidole vya mdogo wake humohumo.

Basi ikawa kelele na machozi. Fundi Suruali alimkumbatia mtu asiyemjua, mteja aliyekuja kuulizia zipu. Mjomba alivua miwani akapangusa macho kwa tai ya bwana harusi mmoja, na kitabu kikabaki kwenye kiti.

Hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Mama Pacha, ambaye hakuweza kukaa na jambo lisilokwisha, alikichukua ili ajue kama spana ilipatikana. Akageuza ukurasa. Akageuza mwingine. Akaanza kusoma kwa sauti, neno moja moja, kama anayeokota vifungo: "Akausogelea mlango. Akasikiliza pumzi yake. Kisha akageuza ufunguo."

Akageuza na karatasi ya mwisho. "Lori liko wapi?" aliuliza.

Mpiga Pasi akamnyang'anya, akapekua mbele na nyuma. "Hakuna lori," alisema. "Hakuna pancha. Hakimu ana ndevu zake zote."

Watu wakamgeukia Mjomba. Yeye alikuwa hawatazami. Alikuwa akimtazama Dada Mkubwa, naye Dada Mkubwa alikuwa amesimama, mkono ungali kwenye karatasi.

"Kwa hiyo yule alimfungia," alisema.

"Alimfungia, mwanangu," alisema Mjomba. "Ndivyo alivyoandika mwenyewe. Mimi nilikuongopea."

Kitinda alijaribu kuutoa mkono wake. Haukutoka. Dada Mkubwa alikuwa ameubana.

"Yule nyumba yake iliungua," alisema Dada Mkubwa. "Na jela alikaa. Alikuwa na haki ya kufunga. Mimi nilipotewa na karatasi, na nilikuwa nazitazama kila siku kupitia dirishani." Akamgeukia mdogo wake. "Gari la wakwe liambie lisije."

Wengine hawakuwa wapole namna hiyo. Fundi Suruali, aliyemtetea mchumba, mlinzi na hakimu mwenyewe, alipiga meza ngumi. "Nimelia bure! Mimi, mtu mzima, nimelilia rejeta!"

"Nilishona gauni zima!" alifoka Mama Pacha. "Huyu asisamehewe hata kidogo!"

"Lakini si jambo limetengenea?" alisema Mjomba.

"Limetengenea kwao. Sisi je?"

Ikaitishwa kesi palepale, meza ya kukatia ikiwa kizimba. Kila mmoja akataka adhabu. Dada Mkubwa aliwasikiliza wote, kisha akanyanyua shati moja la hoteli, mikono inaelekea mgongoni, halafu la pili, halafu akalivuta kapu zima.

"Haya yameshonwa wakati wa lori," alisema. "Mjomba, shika wembe. Utafumua mishono yote, mmoja mmoja. Na kitabu kitasomwa upya tangu moto ulipowaka, kama kilivyoandikwa. Atasoma Mama Pacha."

"Mama Pacha!" Mjomba alishika kifua. "Mwanangu, nipe kazi ya kufagia. Nipe pasi niungue."

"Na wewe utanyamaza. Neno moja, nakuongezea kapu."

Wakati huo Kitinda alikuwa amekwenda kukaa kwenye kigoda chake cha zamani, pale pa matundu ya vifungo. Dada Mkubwa alimwona. "Siyo hapo," alisema, akamsogezea chaki kwenye meza ya kukatia.

Mjomba alishushwa kutoka kiti kirefu, akapewa kigoda kilichoachwa, wembe na kapu. Mama Pacha akapanda, akalainisha koo. "Ta-nu-ri," alisoma, "li-li-ku-wa, wa-zi. Moto. U-ka-to-ka."

Moto gani huo usio na moshi! Mjomba aliuona ule moto alivyousoma yeye, unaruka paa hadi paa, mikate inalipuka kama baruti, mlinzi anakimbia na ndoo isiyo na kitako. Mdomo ukamfunguka wenyewe.

Mpiga Pasi aliinua pasi, ikafuka mvuke.

Mjomba aliufunga mdomo, akainamisha kichwa, akakata uzi wa kwanza.